Diwani anasema polisi si wake. Je, halmashauri haina la kufanya?

SWALI: Kamwene mtaalamu. Naishi kijijini huku juu Kilolo, mkoani Iringa, na ni mjumbe wa kamati ya kijiji ya ulinzi wa wanawake na watoto. Tulipoteuliwa tulipewa semina ya siku moja, tukasaini posho, na tangu hapo tumekaa kikao mara moja tu. Mwaka huu mama mmoja kijijini kwetu amevunjwa mkono na mumewe, na binti wa darasa la sita amebakwa na jirani. Yote mawili yameishia ofisini kwa mtendaji wa kijiji. La kwanza wanasema wamepatana, la pili familia imepewa ng'ombe. Kwenye mkutano wa kijiji nilimuuliza diwani halmashauri inafanya nini. Akajibu polisi si wa halmashauri, mahakama si ya halmashauri, na ya mke na mume yana wenyewe. Watu wakacheka, nikakaa. Je, ni kweli hana mamlaka? Na mtu kama mimi nisiye na cheo nimbane kwa njia gani?

JIBU: Kamwene, mama, na pole kwa kicheko cha mkutanoni.

Nianze na binti, kwa sababu yeye hawezi kusubiri kikao. Ng'ombe aliyepokelewa hajafunga kitu. Ubakaji ni kosa la jinai na anayemshtaki mkosaji ni Jamhuri, si baba wa mtoto, kwa hiyo baba hana msamaha wa kutoa. Mtoto wa umri wa darasa la sita haulizwi kama aliridhia. Adhabu ya mbakaji haipungui kifungo cha miaka 30, na ni kifungo cha maisha mtoto akiwa chini ya miaka 10. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii anayejua kuwa haki za mtoto zimevunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Hapo huhitaji cheo wala ruhusa ya mwenyekiti. Piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, au Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Hata kama miezi imepita, nenda. Mtoto bado anatakiwa kupimwa, kupata mtu wa kuzungumza naye, na kuhakikishiwa kwamba haendi shule kwa njia inayopita mlangoni kwa yule bwana.

Sasa turudi kwa diwani. Mawili aliyosema ni kweli. Polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, hapokei amri ya Baraza la Madiwani, na hakimu hapokei amri ya diwani wala ya mkurugenzi. Lakini hebu tuwahesabu watu aliokutana nao yule mama wa mkono uliovunjika, au aliopaswa kukutana nao, kabla ya kumfikia hakimu. Mtendaji wa kijiji aliyewapatanisha ni mwajiriwa wa halmashauri. Mganga wa zahanati, wa halmashauri. Mtendaji wa kata, wa halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii wa kata, wa halmashauri. Afisa ustawi wa jamii, wa halmashauri. Hata mwalimu ambaye angegundua mapema kwamba binti amebadilika, anasinzia darasani na hataki kwenda nyumbani, naye ni wa halmashauri. Anayebaki nje ni askari, mwendesha mashtaka na hakimu. Safari karibu yote inapita mikononi mwa watu wa mwajiri mmoja, na mwajiri huyo anasimamiwa na diwani wako na wenzake.

Katiba yetu, ibara ya 146, inapotaja kazi za serikali za mitaa, inasema mojawapo ni kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, kifungu cha 111, inaitaka halmashauri idumishe amani na utulivu katika eneo lake na ikuze ustawi wa watu wote waliomo. Wote, na wake za watu wamo. Na hili la kwamba ya mke na mume yana wenyewe lilishajibiwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66: hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Sheria hiyo ina umri mkubwa kuliko madiwani wengi tulionao. Ni kweli Tanzania Bara haijatunga sheria moja inayojitegemea ya ukatili wa majumbani, kesi zinapita kwenye Kanuni ya Adhabu, Sheria ya Ndoa na Sheria ya Mtoto. Ila mkono uliovunjwa ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, awe amevunja mume au mpita njia.

Kwa hiyo mamlaka yapo. Tatizo, kwa jinsi nilivyoona katika kazi ya ustawi wa jamii huku Nyanda za Juu Kusini, ni kwamba madiwani wengi hawajui mashauri haya yanafia wapi, ndiyo maana hawajui waulize nini. Wanatazama polisi na mahakama, wakati mengi hayafiki huko. Yanafia kwenye meza ya mtendaji wa kijiji.

Siku ukipata nafasi, tazama daftari la malalamiko la ofisi ya kijiji. Kwa kawaida ni kaunta buku lenye jalada gumu, kurasa zimepigwa mistari kwa rula: tarehe, mlalamikaji, mlalamikiwa, kosa, uamuzi. Pita sehemu ya kosa utakuta mbuzi waliokula mahindi, mpaka wa shamba, deni la mbolea, na katikati yake "ugomvi wa kifamilia". Chini ya maneno hayo mawili kuna kila kitu: kofi, panga, mtoto aliyeguswa, mke aliyefukuzwa usiku na kitoto mgongoni. Kwenye safu ya uamuzi imeandikwa "wamepatana" na sahihi za pande mbili, mara nyingi ya mwanamke ikiwa ya dole gumba. Geuza kurasa mbele kidogo, majina yaleyale yanarudi. Geuza tena, yamerudi. Mtendaji hakudanganya, kweli walipatana mbele yake. Ila hakuna safu inayosema kwamba hii ni mara ya nne, au kwamba aliyepatanishwa alikuwa na damu. Na sehemu nyingine mlalamikaji hutakiwa kutoa kwanza hela ya karatasi. Mtu kapigwa, kisha anakilipia kipigo chake kisikilizwe.

Nisieleweke vibaya, usuluhishi una nafasi yake. Wazee wa Kihehe wamesuluhisha ndoa nyingi zikapona, na Sheria ya Ndoa yenyewe inayatambua mabaraza ya usuluhishi. Mume na mke wasioelewana juu ya fedha za viazi, wakalishwe waelewane. Lakini mtendaji wa kijiji hana mamlaka ya kusuluhisha ubakaji, wala mfupa uliovunjika. Akifanya hivyo anatoka nje ya kazi aliyoajiriwa, na hilo ni suala la nidhamu ya mtumishi. Linaishia kwa mkurugenzi na Baraza, halihitaji askari hata mmoja.

Kutoka kwenye daftari hilo habari inapanda ngazi ikizidi kupungua. Kijiji kinapeleka kata, kata inaandaa taarifa yake ya robo mwaka, na siku ya kwanza ya kikao cha Baraza la Madiwani, ile ya kupokea taarifa za kata, diwani anasimama kusoma. Barabara ina ukurasa. Maji yana ukurasa. Vyumba vya madarasa vina ukurasa na nusu. Ulinzi una sentensi moja ambayo naamini inanakiliwa robo hadi robo: hali ya ulinzi na usalama katika kata ni shwari, isipokuwa matukio madogo madogo. Yule mama na yule binti wako ndani ya hayo madogo madogo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 uliona kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 27 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15, na 12 ukatili wa kingono. Idadi imeshuka, utafiti wa 2015/16 ulisema 40 na 17, na tushukuru. Lakini hata kwa hiyo ya sasa, kata yenye maelfu ya wanawake ikileta taarifa isiyo na tukio hata moja, diwani aijue hiyo kuwa kata ambayo watu wake wameacha kuripoti.

Kuna kasoro nyingine ya kiofisi ambayo mwananchi haioni. Kwa muundo wa sasa wa halmashauri, afisa ustawi wa jamii yuko kwenye Divisheni ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe. Afisa maendeleo ya jamii, ambaye ndiye anayehangaika na kamati kama yako, yuko kwenye Divisheni ya Maendeleo ya Jamii. Wakuu wawili, bajeti mbili, taarifa mbili. Mmoja anaripoti mashauri aliyoyashughulikia, mwingine anaripoti semina alizofanya na vikao vya kamati. Zikifika mezani kwa madiwani, ya semina ndiyo nene na ina picha za watu wamevaa fulana za Siku 16 za kupinga ukatili, ile ya mashauri ni jedwali dogo mwishoni mwa taarifa ya afya, baada ya vyandarua na lishe. Diwani akiwa na haraka ya chakula cha mchana hafiki huko.

Mimi diwani akiniuliza asimamie nini, namwambia aachane na idadi ya waliopata elimu. Aombe safari ya mashauri. Robo hii wangapi walifika ofisi za vijiji na kata wakilalamikia ukatili? Kati yao wangapi walipelekwa zahanati? Wangapi walipata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu? Wangapi walifunguliwa jalada polisi, wangapi walifika mahakamani, wangapi walipata hukumu, na waliopotea walipotelea hatua ipi? Namba hizo zikiwekwa kwenye mstari mmoja zinasema zenyewe. Wakiwa 40 kijijini na 6 zahanati, tatizo ni watendaji au umbali. Wakiwa 40 zahanati na 6 polisi, pengine fomu hazipo, au kituo kiko mbali, au askari anaomba nauli. Nimeweka 40 na 6 kwa mfano tu. Diwani akishajua shimo liko wapi ndipo anajua aelekeze swali kwa nani.

Aiombe bila majina, hili ni la lazima. Kijiji cha kaya 300 hakina siri. Ukisema "mwanamke wa kitongoji fulani aliyevunjwa mkono" umeshamtaja. Nimewahi kuona taarifa ya kamati inasomwa hadharani na umri wa mtoto, jina la shule na darasa. Baada ya hapo nani atathubutu kuripoti tena?

Upande wa afya ndiko diwani ana nguvu zaidi kuliko anavyodhani, na kwa mikoa yetu hapo ni pa kufa na kupona. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI wa 2022/23 uliuweka mkoa wa Njombe juu ya mikoa yote kwa maambukizi, asilimia 12.7, Iringa ikafuata kwa 11.1, na Mbeya 9.6. Aliyebakwa akipata dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya saa 72 ana nafasi kubwa ya kubaki salama. Zikipita, dawa hizo hazitolewi tena. Sasa piga hesabu ya kwenu. Tukio limetokea Ijumaa usiku, Jumamosi familia inakaa kikao, Jumapili kanisani, Jumatatu mtendaji yuko kata, Jumanne mvua imeharibu barabara na pikipiki hazipandi. Saa zimekwisha huku wazee wakijadili ng'ombe. Kwa hiyo swali la diwani kwa mganga mkuu wa wilaya liwe hivi: dawa hizo zipo kwenye zahanati na kituo cha afya gani katika kata yangu leo hii, na kama hazipo, mgonjwa anafikaje ziliko? Aulize pia kama wahudumu wanajua kwamba matibabu ya dharura hayasubiri PF3. Fomu ile ni kwa ajili ya ushahidi, na haiuzwi. Mgonjwa atibiwe, fomu ifuate. Na aulize aliyejeruhiwa nyumbani anatozwa nini dirishani, kwa mwongozo upi. Maswali haya yote yana mahali pake, Kamati ya Elimu, Afya na Maji, ambayo wakuu wa divisheni hufika wakiwa na makabrasha yao.

Halafu kuna jambo ambalo nadra kulisikia likijadiliwa. PF3 hujazwa na tabibu wa halmashauri, na kesi ikifika mahakamani mshtakiwa ana haki ya kuomba tabibu huyo aje ahojiwe. Hapo ndipo kesi nyingi nzuri huanguka. Tabibu amehamishiwa halmashauri nyingine, au yuko peke yake zahanati na hawezi kuiacha, au wito wa mahakama umefika amekwenda likizo, au hana nauli na hakuna aliyeiweka kwenye bajeti. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, mashahidi wanachoka, mlalamikaji anapata "ushauri" wa ukoo, mshtakiwa anarudi kijijini akiwa shujaa. Watu wanasema mahakama imehongwa. Kumbe palikosekana nauli ya mtu mmoja kutoka milimani hadi mahakama ya wilaya. Hiyo ni bajeti ya halmashauri. Diwani anaweza kuitetea kwa jina lake kabisa: fedha za kuwafikisha watumishi na mashahidi mahakamani katika mashauri ya ukatili, na mafuta ya gari la ustawi wa jamii. Akiona fungu hilo limewekwa na halikutolewa hata senti mwaka mzima, aulize. Mafungu ya ustawi ni mepesi kusahauliwa kwa sababu hayana utepe wa kukata.

Na polisi je? Hawezi kuwaamuru, anaweza kuwaalika. Uingereza wana sheria ya mwaka 2006 inayotaka kila halmashauri iwe na kamati ya kukagua kazi za kuzuia uhalifu, na polisi wakiitwa mbele yake wanafika. Sisi hatuna kitu kama hicho. Kwetu inakwenda kwa mahusiano. Lakini kama TARURA wa barabara, RUWASA wa maji na TANESCO wa umeme hualikwa barazani kueleza kazi zao, sioni kwa nini mwenyekiti wa halmashauri asimwandikie OCD aje, au amtume mkuu wa dawati aje na takwimu zisizo na majina. Wengi hufika, wanapenda kusikilizwa nao, maana wana matatizo yao: dawati liko chumba kimoja na mapokezi, mwanamke anaeleza alivyobakwa huku vijana wa kesi ya bangi wamekaa benchi la pili wakisikiliza. Chumba cha faragha ni kitu ambacho halmashauri inaweza kuchangia. Mkaguzi wa polisi wa kata naye aalikwe Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni huyohuyo diwani wako. Yakishindikana huko, ipo Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya chini ya Mkuu wa Wilaya, na OCD ni mjumbe.

Niseme kidogo juu ya pombe na fedha, kwa sababu zote mbili zina muhuri wa halmashauri. Msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unaujua kuliko mimi. Leseni na ushuru wa vilabu vinapita halmashauri, na saa za kufungua zipo kisheria. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo yake, ikapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri. Siamini kwamba ulanzi ndio unaopiga wanawake. Wapo wanaume wanaokunywa mwaka mzima na hawainui mkono, na wapo wapigaji wasioonja. Ila kilabu kinachofunguliwa asubuhi siku ya malipo ya mbao au ya viazi, watendaji wanaona na hakuna anayesema, hicho ni kipimo cha usimamizi. Fedha nazo: ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024. Mama anakopa na wenzake, mume anazichukua, mama akidai anapigwa, kisha kikundi kinamdai marejesho. Afisa maendeleo ya jamii anayefuatilia marejesho ndiye wa kwanza kuona kwamba mkopo umezaa kipigo. Je, fomu yake ya ufuatiliaji ina mahali pa kuandika hilo? Zile nilizowahi kushika hazikuwa napo.

Sasa wewe. Umesema huna cheo, lakini unacho. Kamati yenu haikuundwa kwa hisani ya mtendaji. Ni chombo cha mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, na awamu yake ya pili inakwenda hadi 2028/29. Kamati zinatakiwa ngazi zote, kutoka kijiji hadi taifa, zikutane kila robo. Kwa hiyo kosa la kwanza la kiusimamizi liko kwenu hapohapo: kikao kimoja tangu kuteuliwa. Andika barua ya kuitisha kikao, mwombe mjumbe mwenzako mmoja asaini nawe, na nakala impate mtendaji wa kata. Barua yenye nakala husomwa kwa macho tofauti.

Kikao kikikaa, msijadili mashauri ya watu kwa majina. Pendekezeni mambo mawili tu, yaende mkutano mkuu wa kijiji. Kwanza, daftari la malalamiko liongezewe safu mbili: kama kuna jeraha au tendo la kingono, na mlalamikaji alielekezwa wapi. Pili, azimio kwamba shauri lenye jeraha au tendo la kingono halisuluhishwi ofisi ya kijiji bali linapelekwa zahanati na polisi siku hiyohiyo. Muhtasari uandikwe, usainiwe, upande kata. Likishakuwa azimio la mkutano mkuu, diwani hawezi tena kulipokea kwa mzaha, kwa sababu mkutano huo ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na ndio wapiga kura wake.

Angalia pia kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini mipango ya vijiji na kata huanza kukusanywa mwishoni mwa mwaka na Baraza hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Mkileta hoja ya nauli za mashahidi mwezi wa Mei mtaambiwa kitabu kimefungwa, na mtakuwa mmeambiwa kweli. Vikao vya Baraza ni vya wazi. Mwananchi hasemi lakini anakaa, anasikiliza. Mkienda wanawake watano mkakaa kimya viti vya nyuma siku taarifa za kata zinasomwa, hata usomaji hubadilika. Na usimsahau diwani wa viti maalum wa tarafa yenu, mara nyingi ana muda na hamu ya jambo la kusimamia. Diwani wa kata akikataa, mpe yeye.

Kwa yule mama wa mkono, nenda kwake akiwa peke yake, usiende kamati nzima. Muulize anataka nini na kama usiku anajisikia salama. Msaidizi wa kisheria anaweza kumweleza njia zake bila malipo, kwani Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuonyesha walipo. Akisema hataki kwenda polisi leo, usimvute. Mwambie tu aitunze kadi yake ya hospitali mahali ambapo mume hafiki.

Na diwani, msimulizie kwa upole kwamba aliulizwa jambo lililo ndani ya uwezo wake, kisha mkabidhi swali lililokwisha andikwa. Maswali ya madiwani hupelekwa kwa maandishi siku kadhaa kabla ya kikao, na Kanuni za Kudumu za halmashauri yenu zimetaja ngapi. Mtendaji wa kata anazo. Linaweza kuandikwa hivi:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, katika robo iliyopita ni mashauri mangapi ya ukatili dhidi ya wanawake na watoto yalipokelewa katika ofisi za vijiji na kata za halmashauri yetu? Kati ya hayo, mangapi yalifika kituo cha kutolea huduma za afya, mangapi yalifika polisi, mangapi yalifika mahakamani, na mangapi yalimalizwa kwa usuluhishi? Je, yapo yaliyosuluhishwa ilhali yalihusu tendo la kingono au jeraha la mwili, na mkurugenzi amechukua hatua gani kwa watendaji waliohusika?"

Swali la nyongeza alishike mfukoni, kwa sababu jibu la kwanza litakuwa kwamba takwimu zinaendelea kukusanywa: zitakuwa tayari kikao kipi?